Kuponi Zenye Meno

Katika kazi yake ya upelelezi wa maduka Emmett Sobczak alikuwa amewakamata wezi wa nyama, wezi wa nyembe, na mchungaji mmoja wa kanisa aliyekuwa akitoka dukani na kuku mzima ndani ya koti. Kwa hiyo meneja wa duka la Brindle pale Millvane alipomwambia kwamba keshia wake anaiba kwa senti kumikumi, hakucheka. Alivuta kiti akakaa.

"Si kwamba anatia mfukoni," alisema meneja, Trent Oberholtzer, kijana ambaye tai ilimkaba hata akiwa amekaa. "Anawagawia watu. Hakuna tawi letu Pennsylvania nzima linalopunguza bei kama hili. Kila kukicha Kessler, Kessler, Kessler."

Kessler lilikuwa duka la ng'ambo ya mto. Brindle walikuwa wamebandika ahadi mlangoni kwa herufi kubwa: ukileta kuponi ya mshindani, tunakuuzia kwa bei yake. Tatizo ni kwamba mashine za kujilipia, zilizopangwa pale mbele badala ya makeshia wa zamani, hazikujua kusoma kuponi za watu wengine. Mteja mwenye kuponi ya Kessler alibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka juu ya mashine, akaja binadamu kuikagua karatasi na kuingiza namba zake za siri. Binadamu huyo alikuwa amebaki mmoja. Aliitwa Verna Dudek.

"Ni wa siku nyingi?" aliuliza Sobczak.

"Alikuwepo kabla sijazaliwa, na haachi kunikumbusha."

"Unataka nini hasa?"

"Nataka aondoke. Nikimwondoa hivihivi, makao makuu watanilipisha mafao yake yote. Akiondoka kwa kosa la udanganyifu, anaondoka mikono mitupu, na bima ya matibabu inabaki hapa." Oberholtzer aliligonga kwa kidole boksi la kijivu lililokaa mezani. "Na huyu ndiye mrithi wake. Anasoma kuponi ya duka lolote. Namfunga kwenye mashine zote mwisho wa mwezi. Hakuna tena taa nyekundu, na pasipo taa sihitaji mtu."

Alitoa kuponi kwenye pochi, imekatwa kingo zimenyooka, akaitumbukiza kwenye mdomo wa boksi. Boksi likaimeza, taa ya kijani ikawaka, sauti ya kike ikashukuru.

"Umeona? Haulizi mtu habari za goti lake," alisema Oberholtzer.

Sobczak alichukua kahawa na donati, akaenda kukaa kwenye benchi la karibu na mlango, mahali wanapokaa waume wanaosubiri wake zao. Hapo hakuna anayekutazama. Hata pasipokuwa na benchi, hakuna aliyekuwa na mazoea ya kumtazama Sobczak. Aliishi katika vyumba vya moteli, mji hadi mji, tawi hadi tawi, na wiki nyingine watu pekee waliozungumza naye kwa kirefu walikuwa wale aliowahoji. Hao walizungumza kwa sababu waliogopa.

Verna Dudek alikuwa mwanamke mnene wa makamo yaliyokwisha, nywele fupi za mvi, nyonga moja imekataa kabisa kushirikiana na mwenzake. Kaunta yake ndogo ilikuwa imejaa vibao vya karatasi alivyoandika mwenyewe: rudisha kitoroli, usiache mtoto juu ya kaunta, mimi si mashine niulize pole pole. Vyote vimekatwa kwa urembo, kingo zina vijino vijino. Sobczak aliviona, akaendelea kula donati.

Taa ya kwanza iliyowaka ilikuwa ya kijana mwenye kofia ya timu ya mpira. Alimwonyesha Verna simu yake.

"Sabuni hii Kessler ni rahisi kuliko hapa. Ona."

"Naona picha," alisema Verna.

"Ndiyo, picha ya bei."

"Hata mimi nina picha ya Hawaii, na sijafika. Ahadi yetu ni kuponi ya karatasi. Halafu hiyo yao ni pakiti ndogo, yako ni kubwa."

"Dada, ni dola moja tu."

"Basi lipa, kama ni moja tu."

Kijana aliitupa sabuni juu ya mashine akaondoka akinung'unika. Verna aliichukua, akaipangusa kwa aproni, akaiweka pembeni bila kukasirika. Sobczak aliacha kutafuna. Mtu anayegawa mali ya tajiri wake hugawa kwa yeyote anayepiga kelele, kwa sababu kelele zinachosha na mali si yake. Huyu mama alikuwa na mkono wa birika.

Kisha taa ikawaka kwenye mashine ya mwisho. Mzee mrefu, koti la kiwandani, kopo moja la maharage. Hakuwa na kingine. Verna alichechemea hadi kwake.

"Bwana Hruska. Goti linasemaje leo?"

"Linasema mvua."

"Limechelewa. Mvua imeanza tangu asubuhi."

"Ndiyo maana nataka kulibadilisha."

Verna aliipokea kuponi, akaigeuza mbele na nyuma, akasoma tarehe, akaiinua kwenye mwanga. Ukaguzi ambao angeumaliza kwa kupepesa jicho ukawa mrefu. Katika muda huo aliulizia paa linalovuja, binti aliyehamia Arizona kama amepiga simu, na tanuri la kupashia nyumba joto kama limetengenezwa. Paa bado, binti bado, tanuri ndiyo. Hatimaye akabonyeza namba zake na senti kumi zikashuka.

Nyuma yake taa nyingine zilikuwa zimeshawaka. Bibi mmoja na mtindi. Mwanamume na kitunguu. Mwanamke aliyevaa nguo za hospitali na betri za redio. Kila mmoja kitu kimoja, kila mmoja kuponi, na hakuna aliyenung'unika kwa kusubiri. Sobczak alikuwa amekaa kwenye maduka mengi. Alikuwa hajawahi kuona wateja wanaofurahia foleni.

Kuponi zilizotumika ziliangukia kwenye sanduku chini ya kila mashine, na ufunguo alikuwa nao meneja. Adhuhuri Sobczak alizimwaga juu ya meza ya stoo na kuanza kazi aliyoizoea. Alipapasa karatasi: ya gazeti, halisi. Alitazama tarehe: hai. Alijaribu namba moja moja: zote za Kessler kweli. Hakuna ya kughushi hata moja, na alianza kufikiri kwamba amepoteza siku.

Ndipo alipoacha kusoma kilichoandikwa akatazama pembeni. Kingo zote zilikuwa na meno. Vijino vidogo vilivyolingana, pembe nne zote, kama ukingo wa kitambaa anapokikata fundi ili kisifumuke nyuzi. Wateja tofauti, mashine tofauti, mkasi mmoja.

Kwa hiyo palikuwa na genge. Mtu mmoja anakata, wengine wanapeleka, keshia anapitisha. Hilo alilielewa. Ambalo hakulielewa ni faida. Mtu gani anaunda genge ili apate punguzo la maharage?

Alivuka daraja kwenda Kessler. Maharage yaleyale yalikuwa rafuni, kwa bei ileile ya kuponi, bila kuhitaji kuponi. Alitafuta mtu wa kumuuliza maswali. Alizunguka rafu zote, akafika kwenye mashine, akasimama. Kila kitu kilikuwa kinang'aa, muziki unalia, na hapakuwa na mfanyakazi hata wa dawa. Akatoka.

Nyumba ya mzee Hruska, aliyoitafuta kwenye kitabu cha simu, ilikuwa mtaa huohuo. Ukisimama kibarazani kwake unaliona bango la Kessler lote. Sobczak alilitazama, akalitazama daraja, akatazama mvua. Mtu anayehangaikia senti kumi hapiti mbele ya duka la bei nafuu, akavuka mto kwa goti bovu, kwenda kuomba bei hiyohiyo kwenye duka la ghali.

"Ingia, utalowa," alisema Hruska kabla hata hajaona kitambulisho. Alipokiona hakushtuka. "Mpelelezi. Basi ingia hata hivyo."

Jikoni, rafu nzima ilikuwa makopo ya maharage.

"Unayapenda sana," alisema Sobczak.

"Siyali. Yananijaza gesi."

"Sasa unayanunua ya nini?"

"Yanakaa muda mrefu bila kuharibika."

"Kuponi unazitoa wapi, Bwana Hruska?"

"Gazetini."

Sobczak alitazama jikoni na sebuleni. Hapakuwa na gazeti. "Unazikata na nini?"

"Na mkasi."

"Niazime huo mkasi."

Mzee alifungua droo, akaifunga. Akafungua nyingine, akabaki ameshika kishikio chake.

"Mwanangu, nilifanya kazi kiwanda cha vioo miaka yote ya ujana wangu," alisema, "na sikumchongea mtu kwa msimamizi hata siku moja. Sitaanza leo. Umekula?"

"Niko kazini."

"Sikukuuliza uko wapi. Kuna tambi za kabichi. Nimepika nyingi. Tangu Ludmila afariki bado sijajua kipimo cha mtu mmoja."

Sobczak alikusudia kukataa. Badala yake alijikuta amevua koti. Walikula bila kuhojiana, mzee akasimulia juu ya viwanda vilivyofungwa na Sobczak akasimulia juu ya yule mchungaji na kuku, na mzee akacheka mpaka akakohoa. Aliposimama kuondoka, Hruska alimwuliza mara mbili kama hana haraka. Alikuwa hana. Alisema anayo.

Akiwa darajani, vibao vya kaunta ya Verna vilimrudia akilini. Vijino vijino.

Aliporudi dukani alasiri, hakwenda kwa Verna moja kwa moja. Alizunguka kwanza ukuta wa nyuma, penye mafriji. Juu ya friji za barafu, chini ya rangi mpya, bado ulionekana mwandiko uliofifia wa zamani: VITAMBAA NA USHONAJI. Hilo lilimtosha. Alikwenda kwenye kaunta akaegemea.

"Bibi Dudek, wakati duka hili linauza vitambaa, nani alikuwa anakata?"

Verna alimtazama. Wengi hapo hujitia hamnazo, wanauliza vitambaa gani, mimi sijui. Yeye alivuta droo ya chini, akatoa mkasi mkubwa wa fundi, mweusi, makali yake yana meno, akauweka katikati yao.

"Nilijua tangu asubuhi," alisema. "Hakuna mume anayesubiri mkewe muda wote ule bila kulalamika."

"Unajua sheria ya mfanyakazi kumpa mteja kuponi?"

"Naijua. Niliisaini. Unafukuzwa siku hiyohiyo." Alikunja mikono kifuani. "Nazikata Jumamosi, nawapa Jumapili baada ya misa, kwenye kahawa ya kanisani. Padri hajui, usimtie humo."

"Wanakulipa?"

"Wananilipa? Bibi wa mtindi ananiletea kachumbari ya kabichi, na ni mbaya."

"Basi kwa nini?"

Verna alitazama mashine ya mwisho, ile ya maharage.

"Ludmila wake alipokufa, Hruska alianza kuja hapa kila siku. Ananunua kopo, analiweka kwenye sahani ya mizani, kisha analiinua kidogo. Ukiinua, mashine inadhani unaiba, taa inawaka, inabidi niende. Nikifika tunasalimiana. Siku ya kwanza nilidhani amezeeka. Baadaye nikaelewa. Trent naye akamwona kwenye kamera, akasema anachezea mashine, akirudia tena apigwe marufuku. Ningefanyaje? Nikampa kuponi. Nilimpa sababu ya halali ya kuwasha taa."

"Na wengine?"

"Wengine waliona. Kule Kessler walitoa watu wote. Unaweza kununua, kulipa na kufa mle ndani, usisikie jina lako." Alivuta pumzi. "Na usiniandike kama mtakatifu. Taa zikiwaka, wananihitaji. Zikizimika, nimemwaga unga, na hii nyonga inasubiri upasuaji wa bima. Nililijua hilo kila nilipokata. Tena mimi mwenyewe nyumbani nina paka, naye hanipendi."

Sobczak aliuchukua mkasi. Ulikuwa mzito. Akautia ndani ya koti.

"Nisubiri hapa."

"Niende wapi, bwana?" alisema Verna.

Ngazi za kwenda kwa meneja zilikuwa fupi, lakini Sobczak alipanda taratibu. Kesi ilikuwa imekwisha. Alikuwa na kifaa, alikuwa na kuponi, alikuwa na maungamo. Miaka yote alikuwa akitoa ripoti jinsi mambo yalivyo, hajaongeza wala kupunguza, na hilo ndilo jambo pekee lililomfanya ajiheshimu ndani ya vyumba vile vya moteli. Alijisikia vibaya, vibaya kabisa.

"Umempata?" Oberholtzer alikuwa akilipangusa boksi lake la kijivu.

Sobczak aliingiza mkono kwenye koti kutoa mkasi. Zikatangulia kuponi. Aliitazama ya juu, akalitazama boksi.

"Hili linasoma kila kuponi?"

"Kila kuponi."

"Jaribu hii."

Oberholtzer aliitumbukiza. Boksi liliivuta kidogo, likasita, likaitema. Taa nyekundu. Subirini mhudumu, ilisema sauti ya kike. Akaigeuza, akajaribu upande wa pili. Ikatemwa. Akachukua nyingine, na nyingine.

"Kingo mbovu," alisema kwa hasira. "Likigusa ukingo uliochakaa linadhani karatasi imechanika, linaita mtu. Zipo nyingi za hivi?"

"Zote za Kessler."

"Nani anakata hivi?"

Mkono wa Sobczak ulikuwa bado umeushika mkasi ndani ya koti. Aliuachia.

"Wazee," alisema. "Nimekwenda mpaka majumbani mwao. Mikono inatetemeka, mkasi unapanda na kushuka. Kuponi ni halali, tarehe ni hai, ahadi iko mlangoni kwako. Asubuhi keshia wako amemkatalia mtu mbele ya macho yangu kwa sababu pakiti haikuwa saizi. Hapa hakuna wizi."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Na kama unataka kuwafundisha watu wa umri ule kukata karatasi, nenda kawafundishe wewe. Mimi nimeonja ukaidi wao leo."

Oberholtzer aliangalia chini kupitia kioo cha ofisi. Mbele ya duka taa zilikuwa zimewaka nne kwa pamoja, na Verna alikuwa amesimama kwenye kaunta yake, haendi kwenye hata moja, macho juu, kwenye kioo kile.

"Basi itabidi abaki," alisema meneja, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Sobczak alishuka. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na alishangaa jinsi ulivyotoka bila kukwama. Aliuweka mkasi juu ya kaunta, kati ya vibao.

"Umesahau mkasi wako."

Verna hakuugusa. "Umemwambia nini?"

"Kwamba wateja wenu wanatetemeka mikono. Lile boksi lake linakataa karatasi yenye meno. Litakuwa linaita mtu."

Alisubiri aelewe. Alielewa pole pole, kwanza macho, halafu mabega yakashuka.

"Kwa hiyo nikate na huuhuu," alisema.

"Usije ukanunua mwingine."

Hakumshukuru. Aliurudisha mkasi kwenye droo, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akachechemea kwenda kwenye taa zake. Bibi wa mtindi alimwuliza alikuwa wapi, akamjibu kwamba alikuwa Hawaii.

Sobczak alifunga vifungo vya koti. Kulikuwa na gari, barabara, mvua, na mwisho wake chumba chenye televisheni iliyofungwa kwa mnyororo. Kesho mji mwingine. Alifika mlangoni, akageuka, akaenda rafu ya makopo, akarudi na maharage hadi mashine ya mwisho. Hakuwa na kuponi.

Aliliweka kopo juu ya sahani. Akaliinua kidogo. Taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa chake, akasimama akingoja, uso umepata moto.

Verna alikuja. Alitazama kopo, akatazama taa, akamtazama yeye.

"Maharage," alisema. "Unayapenda?"

"Siyali."

Verna aliegemeza nyonga mbovu kwenye mashine, wala hakuanza kubonyeza namba zake.

"Haya," alisema. "Niambie, umetokea wapi?"